Kompyuta Mpya Inayozimika Yenyewe: Ijue Kwanza Inavyozimika

Ndugu mafundi, na ninyi mliojiunganishia mashine zenu wenyewe nyumbani, habari za mchana.

Mada niliyopewa ni ugonjwa mmoja tu. Kompyuta ya mezani, vifaa vyote vipya, imeunganishwa wiki iliyopita. Inawaka vizuri, Windows inaingia, kazi inaanza, halafu ghafla giza. Hakuna moshi wala harufu. Leo inakaa saa sita bila shida, kesho inazimika mara tatu kabla ya adhuhuri.

Ugonjwa huu unatafuna pesa kwa sababu kila mtu ana mshukiwa wake. Mmoja atasema RAM (kumbukumbu ya muda ya mashine), wa pili pawa saplai (kisanduku kinacholisha mashine umeme), wa tatu atakuambia upige Windows upya. Mwenye mashine anapanda na kushuka Kariakoo akinunua kimoja kimoja, na mwisho wa mwezi ana vifaa vya kutosha kompyuta ya pili huku ya kwanza bado inazimika. Ombi langu ni hili: kabla ya kubadilisha chochote, ijue kwanza namna mashine inavyozimika. Pawa saplai iliyolemewa haizimi mashine kama RAM mbovu inavyoizima, na joto halizimi kama kitufe kilichonasa. Kila kosa lina mwendo wake.

Tuanze na maswali ya kumuuliza mwenye mashine, na kama mwenye mashine ni wewe, jiulize. Ilipozimika, feni zilisimama papo hapo, au skrini ndiyo iliyokuwa nyeusi huku feni zinazunguka? Ilibaki kimya, au ilijiwasha upya? Taa ndogo za mazabodi, yaani bodi kuu, zilibaki zinawaka? Ulipobonyeza kitufe iliitikia mara moja, au ilikataa kabisa mpaka ulipozima swichi iliyo nyuma ya pawa saplai, ukasubiri kidogo, ukawasha tena?

Swali hilo la mwisho lina thamani kuliko yote. Pawa saplai yoyote ya heshima ina ulinzi ndani yake. Mkondo ukizidi, wati zikizidi, volti ikipanda au kushuka kupita kiasi, kukiwa na shoti au joto kali, inajikata. Ikishajikata, nyingi hugoma kuwaka mpaka umeme wa ukutani ukatwe na kurudishwa, kama breka ya nyumbani iliyoruka. Kwa hiyo mashine iliyozimika ghafla, ikakataa kitufe, kisha ikaamka baada ya swichi ya nyuma kuzimwa na kuwashwa, inakuambia kwa sauti kubwa kwamba aliyekata ni pawa saplai. Haijasema bado kwamba pawa saplai ni mbovu. Huenda ilikuwa inafanya kazi yake tu: kuna shoti mahali fulani, au kadi ya picha inadai kuliko inavyoweza kupewa.

Ikiwa mashine inajiwasha upya yenyewe baada ya sekunde chache, elekeza jicho kwenye RAM, prosesa na mipangilio ya BIOS (programu ya mazabodi inayoamka kabla ya Windows), bila kumsahau mshukiwa mwingine, umeme ulioyumba kidogo tu na kurudi. Pia huenda ni skrini ya bluu usiyopata nafasi ya kuiona. Windows ikipata kosa kubwa huonyesha skrini hiyo kisha hujiwasha upya, na kwenye SSD ya kasi yote hupita kabla hujasoma neno. Zima tabia hiyo leo leo. Bonyeza Windows na R, andika sysdm.cpl, ingia Advanced, kisha Settings ya Startup and Recovery, ondoa alama kwenye Automatically restart. Kuanzia hapo kosa litabaki usoni mpaka ulisome.

Skrini nyeusi huku feni zinazunguka ni kesi nyingine: kadi ya picha, draiva yake, au kebo yake ya umeme. Na taa zote zikizimika, hata zile za mazabodi zinazowaka mashine ikiwa imezimwa, basi umeme haukufika kabisa. Hapo usifungue kasha. Nenda ukutani.

Baada ya mahojiano, soma daftari la mashine yenyewe. Fungua Event Viewer, ingia Windows Logs, kisha System, utafute dakika ile mashine ilipozimika. Utakuta Kernel-Power namba 41, na hapa ndipo wengi wanapopotea. Wanaona neno Power wanakimbilia kununua pawa saplai. Namba 41 huandikwa mashine inapowaka tena na kugundua kwamba mara iliyopita haikufungwa kwa utaratibu. Inathibitisha kwamba ilikatika, basi. Sababu haiitaji.

Sababu, au angalau kivuli chake, imo kwenye Details ya tukio hilo. Angalia mstari wa BugcheckCode. Ukiwa 0, Windows haikupata hata nafasi ya kuandika kosa: umeme ulikatika au kifaa kiliganda ghafla. Ukiwa na namba nyingine, skrini ya bluu ilikuwepo, na namba hiyo imeandikwa kwa hesabu ya kumi. Igeuze kwenda hesabu ya kumi na sita kwa kikokotoo cha Windows kabla ya kuitafutia maana. Mfano, 292 ni 0x124, yaani kosa la kifaa chenyewe, si la programu. Angalia pia PowerButtonTimestamp. Ikiwa si 0, kitufe cha kuwashia kilishikiliwa kwa sekunde kadhaa mpaka mashine ikazimika. Kama hakuna mtu aliyekigusa, umeshapata mshukiwa wa shilingi mia mbili.

Karibu na 41 tafuta WHEA-Logger. Hiyo ni prosesa ikiripoti makosa ya ndani yake au ya njia zinazoiunganisha na vifaa vingine. Namba 18 yenye maneno Cache Hierarchy Error kwenye Ryzen, prosesa za AMD, inakupeleka kwenye volti za BIOS, kasi ya RAM na prosesa yenyewe. Pawa saplai iache kwanza. Ukikuta 1074 ya User32, mashine ilizimwa kwa amri, mara nyingi na sasisho la Windows, na jina la aliyeamuru limeandikwa palepale. Kernel-Power 42 ina maana mashine ililala tu. Si wachache waliouza RAM nzima kwa sababu ya mashine iliyokuwa inalala kila baada ya dakika thelathini.

Wanaotumia Linux waandike journalctl -b -1 -e wasome mwisho wa kikao kilichopita. Maandishi yakikatika katikati, bila mistari ya huduma zinazofungwa moja moja, hiyo ndiyo BugcheckCode 0 yenu.

Sasa ukutani. Mimi ningeupima ukuta hata kama daftari limenielekeza kwingine, maana haugharimu kitu. Tanzania umeme wa nyumbani ni volti 230, Kenya 240, na kila mtu hapa anajua jioni unavyoshuka. Pawa saplai nzuri yenye Active PFC (saketi inayorekebisha namna inavyovuta umeme), iliyoandikwa 100-240V kwenye lebo, inavumilia mshuko huo. Zile za bei rahisi zenye kiswichi chekundu cha 115 na 230 hazina uvumilivu huo: volti ikishuka, nazo zinashuka nayo. Kiswichi chenyewe hakikisha kiko 230. Kikiwa 115 hutasubiri kuzimika ovyo, utasikia mlipuko.

Angalia mashine imechomekwa wapi. Ikiwa kwenye kile kifaa cha kulinda friji au televisheni, kumbuka kazi yake: umeme ukitoka nje ya mpaka kinakata, kisha kinasubiri dakika kadhaa kabla ya kurudisha. Kwa friji ni sawa. Kwa kompyuta ni kuzimika ghafla, na mtu ambaye hakuona taa ya kifaa ikibadilika rangi atalaumu mazabodi. Ekstensheni iliyolegea, ambayo ukiitikisa plagi inatoa cheche, iondoe kabisa. Usiifunge selotepu.

UPS, ile betri ya akiba, inahitaji maelezo kidogo. Kwanza, VA zilizoandikwa juu yake si wati. UPS ndogo ya VA 650 aghalabu hubeba nusu hadi asilimia 60 ya hiyo, yaani wati 325 hadi 390, na hapo bado hujaweka skrini. Mashine ya michezo ikichomekwa humo, umeme wa ukutani ukikatika tu UPS inalemewa na yote inazimika, na mwenye mashine anasema "UPS haisaidii". Pili, UPS za bei ya kawaida zikihamia betri hutoa wimbi la ngazi-ngazi badala ya wimbi laini, na kuna pawa saplai za Active PFC zisizoelewana nalo. Tatu, kuhamia betri huchukua milisekunde kadhaa. Pawa saplai iliyojengwa vizuri ina akiba ya takriban milisekunde 17 ndani ya kapasita zake, hivyo haihisi kitu. Ya bei rahisi akiba hiyo haifiki, na mashine inazimika au kujiwasha upya hata kama UPS ni nzima. Kupima ni rahisi: ingia kwenye skrini ya BIOS, ambako hakuna faili la kuharibika, kisha chomoa UPS ukutani. Ikipita hapo, rudia Windows ikiwa imewaka na kazi imehifadhiwa. Ili kuiondoa UPS kwenye orodha ya washukiwa, chomeka mashine moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani unayoiamini, uitumie siku mbili.

Ukuta ukiwa safi tunarudi kwenye pawa saplai, na hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu hapa ndipo pesa nyingi za mashine mpya huokolewa visivyo.

Usisome namba kubwa iliyochapwa ubavuni. Soma jedwali la lebo, safu ya +12V. Prosesa na kadi ya picha, walaji wakubwa wote wawili, hula humo. Zidisha ampea za safu hiyo kwa 12. Nimetaja jedwali kwa sababu zipo pawa saplai zimeandikwa 500W kwa herufi kubwa lakini safu ya 12V ina ampea 18. Hiyo ni wati 216. Zilizobaki zimetajwa kwenye volti 5 na 3.3, ambako kompyuta ya leo haina haja nazo kwa wingi. Sasa weka Ryzen 5 5600, inayoruhusiwa kula hadi wati 76, na kadi ya picha ya RTX 3060 ya wati 170. Hizo mbili tu ni 246. Ongeza mazabodi, SSD na feni, uko karibu na 300. Mashine hii itafungua Word na kucheza muziki siku nzima bila neno, na itazimika dakika ya tano ya mchezo. NVIDIA wenyewe hupendekeza pawa saplai ya wati 550 kwa kadi hiyo, na wanamaanisha wati 550 za kweli.

Kuna jambo jingine ambalo hesabu ya wastani hailionyeshi. Kadi za picha za miaka hii hurusha mahitaji yake juu kwa kipande kidogo sana cha sekunde. RTX 3080 imeandikwa wati 320, lakini kwa milisekunde chache inaweza kudai zaidi ya hapo kwa mbali. Pawa saplai yenye ulinzi mkali inaona mruko huo kama hatari na kujikata, hata kama wastani uko ndani ya uwezo wake. Ndiyo maana zilipotoka kadi hizo mwaka 2020 watu wenye pawa saplai nzuri kabisa walizimikiwa katikati ya mchezo. Kiwango cha pawa saplai cha ATX 3.0 kilichotoka 2022 kiliingiza hitaji hilo rasmi: pawa saplai ya kundi hilo ivumilie mruko wa mara mbili ya wati zake kwa mikrosekunde 100. Ukinunua leo kwa ajili ya kadi kubwa, tafuta maandishi hayo kwenye boksi. Na kabla hujanunua, jaribu kupunguza kikomo cha wati cha kadi kwa programu ya MSI Afterburner hadi asilimia 70 au 75. Kuzimika kukiisha, umepata jibu bila kutoa senti.

Kebo nazo zina dhambi zake. Kichwa cha pini 8 cha kadi ya picha kimepangiwa wati 150, na nafasi ya kadi kwenye mazabodi inatoa 75. Kadi yenye vichwa viwili ipewe kebo mbili tofauti kutoka pawa saplai, si kebo moja yenye mkia wa pili. Kebo ya prosesa imegawanyika 4+4, ya kadi 6+2. Zinafanana machoni lakini volti na hasi zimekaa kinyume, hivyo usilazimishe. Kichwa kipya chenye pini 16 kisukume mpaka mwisho, kisionekane pengo, wala usikikunje karibu na mdomo. Acha kama sentimita 3.5 zinyooke kwanza. Vilivyokaa nusu vimeyeyuka, hilo limeonekana tangu 2022.

Na pawa saplai za kebo zinazochomoka: usichukue kebo ya pawa saplai nyingine, hata ya kampuni ileile, ukadhani kwa kuwa imeingia basi imekubali. Upande wa mazabodi una kiwango kimoja duniani kote. Upande wa pawa saplai kila mtengenezaji anapanga pini anavyotaka. Kosa hili haliishii kwenye kuzimika; linaua SSD na diski zote kwa mpigo mmoja.

Mwenye mita apime mashine ikiwa kazini, si ikiwa tupu. Kwenye kichwa cha Molex chenye pini nne, weka waya mweusi wa mita kwenye mweusi, mwekundu wa mita kwenye njano. Inatakiwa isome kati ya 11.40 na 12.60. Waya mwekundu wa Molex ni volti 5, kati ya 4.75 na 5.25. Ikianza 12.1 na ukiweka mzigo ikateremka 11.5 na kuendelea kushuka, hiyo pawa saplai inaaga. Ila mita haioni mshuko wa milisekunde moja, kwa hiyo namba nzuri kwenye mita haimwachii mshukiwa huru. Ule ujanja wa kuunganisha waya wa kijani na mweusi kwa kipande cha waya unathibitisha tu kwamba inawaka. Na tafadhali, pawa saplai haifunguliwi. Kapasita kubwa ya ndani hukaa na volti karibu 400, na hubaki nazo baada ya kuchomoa.

Tuingie ndani ya kasha. Shoti kwenye mashine mpya ina makazi machache yanayojulikana. La kwanza ni vile vinguzo vya rangi ya dhahabu chini ya mazabodi. Kasha lililotengenezwa kwa mazabodi ya ATX, yaani ya ukubwa kamili, likipewa mazabodi ndogo, kinguzo kimoja hubaki mahali ambapo mazabodi haina tundu, kinagusa mgongo wake, na kasha likipata joto au likisukumwa na goti, mashine inazimika. Hesabu matundu, hesabu vinguzo. La pili ni skrubu iliyodondoka ikaingia nyuma. La tatu ni ulimi wa bati la nyuma ulioingia ndani ya tundu la USB au la mtandao. Kama mashine inazimika ukigonga meza au ukisogeza kasha, usiende mbali zaidi ya hapa.

Kitufe cha mbele nilishakitaja. Chomoa waya za Power SW na Reset SW kwenye mazabodi, washa kwa kugusanisha pini mbili za Power SW kwa ncha ya bisibisi mara moja tu, kisha iache mashine iende siku nzima bila vitufe. Ni jaribio la dakika mbili, na wengi hawalifanyi mpaka wameshabadilisha kila kitu kingine.

Joto nalipitia haraka kuliko mnavyotarajia, kwa sababu prosesa za sasa hazizimiki kirahisi. Ryzen 7000 nyingi zimepangiwa nyuzi 95, Core za Intel za kizazi cha 12 hadi 14 nyuzi 100, na zikifika hapo hupunguza kasi kwanza. Mashine inayozimika kwa joto la prosesa ina kosa kubwa, si vumbi. Mara nyingi ni nailoni ya kinga iliyoachwa chini ya hitisinki (chuma cha kupozea), pesti ya kupitisha joto iliyosahaulika, hitisinki iliyokazwa upande mmoja, au pampu ya maji isiyochomekwa. Fungua programu ya HWiNFO64, angalia nyuzi tangu unapowasha: ikipanda hadi 90 bila kazi yoyote, au ikiruka kutoka 40 hadi 95 kwa sekunde moja ukiweka mzigo na mashine ikazimika, vua hitisinki. Pampu iweke kwenye pini za pampu, mwendo kamili. Chumba cha nyuzi 32 cha Dar au Mombasa kinaongeza nyuzi zake juu ya kila namba, lakini peke yake hakizimi mashine iliyofungwa vizuri. Anayesahaulika ni vidhibiti vya volti vilivyo pembeni ya prosesa. Mazabodi ya bei ya chini kabisa isiyo na hitisinki hapo, ikibebeshwa Core i9, itaishia ama kusuasua ama kuzimika baada ya dakika kumi za kazi nzito, huku prosesa yenyewe ikisoma nyuzi 75. Hapo kipimo cha prosesa kimekudanganya.

BIOS sasa. Mwenye mashine hupenda kusema hajabadilisha kitu, ilhali amewasha XMP au EXPO, mipangilio ya kuipandisha RAM kasi, siku ya kwanza. Si dhambi, lakini ajue kwamba kasi hiyo iko nje ya dhamana ya prosesa. Ryzen 7000 inatambua rasmi RAM za DDR5 za kasi ya 5200 ukiwa nazo mbili, na ukijaza nafasi zote nne inashuka hadi 3600. Mtu anayenunua RAM nne za 6000 na kuwasha EXPO ameomba matatizo kwa maandishi. Rudisha BIOS kwenye mipangilio ya kiwandani, zima XMP, tumia siku mbili. Ikitulia, kosa liko kwenye RAM au kidhibiti chake ndani ya prosesa. Usishtuke DDR5 ikiwaka mara ya kwanza na skrini ikabaki nyeusi dakika kadhaa, inajipima. Anayeikatia umeme hapo anaianzisha upya safari.

Kupima RAM tumia MemTest86 kutoka kwenye flashi, mizunguko yote minne ya toleo la bure, usiku kucha. Kosa moja linatosha, hakuna "kosa dogo". Pima moja moja kwenye nafasi ya pili kutoka prosesa, ili ujue kama mbovu ni RAM au nafasi.

Sasisha BIOS, na kuna makundi mawili ya prosesa ambayo kwake hili ni lazima. Core za mezani za kizazi cha 13 na 14 zenye wati 65 na kuendelea zilikuwa na kosa la volti kupanda mno na kuichosha prosesa taratibu. Intel walitoa marekebisho mwaka 2024, 0x129 mwezi Agosti na 0x12B Septemba, na wakaongeza dhamana kwa miaka miwili. Marekebisho yanazuia madhara mapya. Prosesa iliyokwisha kuumia haiponi, inarudishwa. Upande wa AMD, mwaka 2023 baadhi ya Ryzen 7000 ziliungua kwa volti ya SoC (sehemu ya prosesa yenye kidhibiti cha RAM) iliyopandishwa na EXPO, ndipo matoleo mapya ya BIOS yakaifungia isizidi 1.3. Sasisha ukiwa kwenye UPS unayoiamini, maana umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo utakuwa na tatizo jingine kubwa zaidi.

Kwa wenye Ryzen ambayo huzimika ikiwa imekaa tu, bila kazi, kisha mchezoni iko imara: hilo lina tiba yake. Prosesa ikilala hudai umeme kidogo mno, na pawa saplai za zamani hazimudu kiwango hicho. Ndani ya BIOS tafuta Power Supply Idle Control, weka Typical Current Idle.

Mpaka hapo washukiwa wamepungua, tuwabane kwa mzigo. Kila jaribio lichokoze upande mmoja. Prime95 kwa Small FFTs inalemea prosesa peke yake. FurMark inalemea kadi ya picha peke yake. Dakika kumi zinatosha. Jaribio la Power la OCCT linalemea vyote viwili pamoja. Prosesa peke yake inapita, kadi peke yake inapita, zikiwa pamoja inazimika chini ya dakika moja: hiyo ni pawa saplai, au ni ukuta kama uliiruka hatua ya kuupima. Kadi peke yake inazimisha: badilisha kebo zake kwanza. Prosesa peke yake: joto, vidhibiti vya volti, au kebo ya 4+4 iliyokaa nusu. Na kama majaribio yote yanapita lakini mchezo mmoja tu unaizimisha, kumbuka ile miruko ya milisekunde. FurMark inadai mzigo wa sawasawa, mchezo unadai kwa mishtuko.

Ikishindikana kabisa, toa mazabodi nje ya kasha. Iweke juu ya boksi lake la karatasi, si juu ya mfuko wake wa kung'aa, kwa kuwa nje ya mfuko huo panaweza kupitisha umeme. Bakiza prosesa, feni yake, RAM moja na SSD. Kadi ya picha itoe kama prosesa ina picha yake ya ndani. Core zenye herufi F mwishoni hazina, na Ryzen 5000 zisizo na G hazina. Ikitulia hapo siku nzima, kosa lilikuwa kwenye kasha au kwenye kilichotolewa. Rudisha kimoja, subiri, rudisha kingine. Ikiendelea kuzimika hata uchi namna hiyo, azima pawa saplai unayojua ni nzima kutoka mashine nyingine, pamoja na kebo zake zote. Azima, usinunue. Kisha RAM. Mazabodi na prosesa ndizo za mwisho, na kati ya hizo mbili mazabodi ndiyo hufa mara nyingi zaidi.

Ukishapata kilicho kibovu na unakirudisha dukani, nenda na ushahidi: picha ya tukio 41 na Details zake, jina la jaribio lililozimisha na baada ya dakika ngapi, na mashine ilivyokaa na kifaa kingine mahali pake. Muuzaji atakiwasha mezani kwake dakika tatu, kitawaka, naye atakuambia ni kizima. Mwombe akiache kwenye jaribio lilelile, mbele yako, kwa dakika zilezile ulizoandika.